Generoza wa Hivyohivyo

Kwetu Kishapu mtu hakai bila neno lake. Ukimtaja fundi baiskeli wa pale mnadani, lazima mwenzako aongeze "yule wa kucheka peke yake." Ukimtaja katekista wa zamani, utaambiwa "yule wa mwendo wa kanga," maana alikuwa anakimbia na kusimama, anakimbia na kusimama. Mimi tangu usichana wangu nilikuwa Scolastika Mdomo wa Asali. Hata leo nikienda Mhunze siku ya mnada, vijana ambao hawakuwahi kunisikia nikiimba wananiamkia hivyo: "Shikamoo, Mdomo wa Asali." Nimezoea kuitikia marahaba na kupita wima, ingawa goti la kushoto halitaki.

Sasa katika ua wetu, jiko lake likitazamana na langu, amezeeka mtu ambaye hakuna aliyeweza kumpatia neno. Anaitwa Generoza. Aliolewa na Clemens, na Clemens alikuwa mdogo wake mume wangu Makoye. Wanaume wote wawili wameshatangulia, tumebaki sisi. Watu humwita Mama Raphael, kwa mwanawe wa pekee, na wakishasema hivyo wanakwama.

Nataka kuandika habari zake. Ninaandika nikiwa na wivu, na nalisema mapema ili msomaji asihangaike kunitafuta nyuma ya maneno.

Alikuja mwaka ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini. Clemens alikuwa amekwenda Ushirombo kununua mihogo, akarudi na mke. Sisi wanawake tukamtuma wifi yetu mmoja akamchungulie bibi harusi kabla hajatolewa nje. Alipotoka tukamzunguka.

"Yukoje?"

"Yupo."

"Yupo ndiyo nini? Mrefu?"

"Hapana."

"Basi mfupi."

"Wala."

"Mweupe? Mweusi?"

"Wa hivyohivyo."

"Wewe umeingia ndani kweli, au umesimama mlangoni?"

"Nimeingia, nimemshika mkono! Nilipotoka nikausahau uso."

Tulicheka mpaka mama mkwe akatufukuza. Lakini baadaye yeye mwenyewe alikaa na mkamwana wake mpya kutwa nzima akichambua pamba, na jioni akaniambia polepole, "Mke wa Makoye, hivi tumeletewa mtu au tumeletewa gunia? Nimemsemesha tangu asubuhi, kila neno linaingia, hakuna linalotoka."

Mboga yake ilikuwa chapwa. Siyo kwamba chumvi ilimshinda, hapana, alitia, lakini ni kama chumvi nayo ikifika kwenye chungu chake inakata tamaa. Nsansa ile ile ya majani ya kunde yaliyokaushwa, karanga zile zile za shamba moja, mimi nikipika mtu analamba vidole, yeye akipika mtu anakula na kushiba na kuondoka, ukimwuliza amekula nini anafikiri kwanza. Kanga zake zilikuwa zimefubaa kabla hata hajazivaa, sijui alikuwa anazitoa wapi. Za wenzake zilikuwa na maneno ya kumpasua jirani roho. Za kwake maneno yalishafutika, imebaki michirizi. Kanisani aliimba kwaya kwa muda mrefu sana. Siku moja aliumwa, hakuja, na mwalimu wa kwaya hakujua.

Hata ng'ombe wake. Msukuma ana jina kwa kila rangi ya ng'ombe, madoa ya ubavuni yana jina, mstari wa mgongoni una jina, paji jeupe lina jina. Ng'ombe aliyepewa Generoza na kaka zake alikuwa rangi ya vumbi la njiani. Wachungaji walihesabu kundi la baba mkwe kwa majina yote hayo mazuri, halafu mwishoni wanasema, "Na yule mwingine."

Nasikia mtu akisema namsengenya. Simsengenyi. Maneno hayo nimemwambia usoni: chapwa, doro, yupoyupo, umepooza kama chai ya jana. Akaniangalia, akasema, "Eee, Mama Enock, ndivyo nilivyo," akaendelea kupepeta. Sasa mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Mimi nilikuwa manju wa kikundi cha kulima. Wasiojua nitawaeleza. Wanawake tulijipanga mstari mmoja shambani, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na manju anatangulia na wimbo. Kazi ya manju ni kumwita kila mtu kwa neno lake. Ukisikia neno lako limo kwenye wimbo jembe linakuwa jepesi, hata kama tangu jana hujala. Nilimwimba mmoja nikamwita Radi ya Songwa, akalima mpaka akavuka mpaka wa shamba akaingia la mtu. Nilimwimba mwingine Kiuno cha Nyigu, mume wake akaja kutazama. Wote niliwapatia. Ilipofika zamu ya Generoza nikaanza, "Huyu hapa, mke wa Clemens, huyu hapa..." halafu hakuna. Wanawake wanangoja waitikie. Nikarudia, "Huyu hapa..." Wimbo ukafa, majembe yakapishana, mtu akanusurika kukatwa kidole. Manju mzima, wimbo umenifia mdomoni! Sikumsamehe hilo, na simsamehe.

Lakini wivu wenyewe haukuanzia hapo. Pale nilikuwa namdharau tu.

Wivu ulianza Makoye alipougua. Mume wangu alikuwa mtu wa kula, na mimi nilijulikana kwa kupika. Alipolala na maradhi ya tumbo, nikampikia uji wa karanga, akausukuma. Nikampikia wa maziwa na ndimu, akausukuma. Siku hiyo akaniambia, "Mwambie Mama Raphael anikorogee wa kwake." Nilidhani ni homa inasema. Nikaenda. Generoza akakoroga ule uji wake wa mtama mtupu, hauna mbele hauna nyuma, Makoye akanywa kibakuli chote. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kawaida. Alipopata nguvu kidogo alijikokota na fimbo yake mpaka kwenye jiko la pili, akakaa kwenye kigoda, na hao wawili wakakaa pale jioni nzima bila kusema kitu. Mimi niko kwangu nawatazama. Si kwamba palikuwa na jambo. Afadhali pangekuwa na jambo, ningejua nashika fimbo gani.

Nilimwuliza, "Baba Enock, kule unafuata nini?"

Akasema, "Napumzika."

"Kwani hapa unafanya kazi?"

Akachukua fimbo yake akavuka ua. Alikufa mwezi uliofuata, na ninakumbuka ni uji wa nani uliobaki kwenye bakuli.

Halafu akaja Nelly. Nelly ni mjukuu wangu wa damu, mtoto wa kwanza wa mwanangu Enock. Mama yake alipokwenda masomoni Shinyanga mjini, mtoto aliachwa kwangu. Nilimpa kila kitu. Nilimpa hadithi, nyimbo, majina ya ukoo mpaka wale waliohama kabla ya Wajerumani. Anakula kwangu, anacheka kwangu, na giza likiingia anachukua kijishuka chake anavuka ua. Analala kwa Generoza. Nikimwambia, "Njoo hapa, mayu, bibi akumalizie ile ya fisi," ananijibu, "Kesho, bibi. Sasa hivi nataka kulala." Na kule kwa bibi mdogo taa ilizimwa mapema na palikuwa kimya kama ghala.

Nilijipa moyo kwamba atakua. Akakua, akaolewa na Sostenes, kijana wa Ushirombo, wakahamia Kahama upande wa Buzwagi. Sostenes ana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ananunua mawe kwa wachimbaji na kuyasaga. Kijana mchangamfu, mdomo hauna breki. Nampenda. Na Nelly alipopata mimba alinipigia akaniambia neno ambalo nimelingoja uzee wangu wote.

"Bibi, huyu mtoto nitampa jina la wazee. Sitaki haya ya siku hizi."

Mnaelewa maana yake? Vitukuu ninao. Yuko Blessing, yuko mwingine jina lake sijui ni la kampuni ya simu. Hakuna Scolastika hata mmoja. Kwetu jina ndiyo kiti unachoachiwa duniani, likikaliwa na mwingine hujaondoka kabisa. Mimi niliyeimba majina ya watu wote, langu nani ataliimba? Nelly ndiye alikuwa wa mwisho wa kulichukua. Nikaanza kujiandaa. Nilisuka mkeka mdogo wa mtoto, nikanunua kanga mpya.

Mimba ilipokomaa simu ikalia.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mama. Tumbo linasemaje?"

"Zuri. Bibi, naomba niongee na bibi mdogo."

"Simu ni ya kwangu hii."

"Najua, bibi. Yeye hana."

Nikavuka ua na simu mkononi kama tarishi. Nilisimama hapo hapo, sikutoka. Nelly alikuwa anamwomba aende Kahama akakae naye, amkande, amwogeshee mtoto. Generoza akasema, "Sawa." Akasikiliza. Akasema, "Sawa" tena. Akanirudishia simu.

"Umesikia, Mama Enock?"

"Nimesikia. Na wewe unakwenda kufanya nini kule? Mtoto mchanga anataka kuimbiwa, anataka kusemeshwa. Wewe utamfanya bubu."

"Labda," akasema, akaanza kukunja nguo zake. Zilikuwa chache na zote zilifanana.

Nikabaki na ua mtupu. Michembe ya viazi nilianika peke yangu.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nikangoja niitwe. Baada ya muda simu ikaja kweli, ila haikuwa ya furaha. Mtoto analia. Analia mchana, anapumzika kidogo, analia tena, na ziwa analishika na kuliachia. Zahanati walikuwa wamempima wakasema ni mzima, arudishwe nyumbani. Enock mwanangu naye alikuwa ameshafika Kahama, ndiye aliyeongea.

"Mama, huyu anadai jina. Njoo na majina."

Hapo nikajua nimeitwa kwa kazi yangu. Mtoto wa namna hiyo kwetu hatumlaumu. Kuna mzee anamtaka, awe hai au marehemu, na mzee huyo anataka atajwe. Inabidi mtu mwenye kumbukumbu aketi, ataje jina mojamoja, na kila jina mama ampe mtoto ziwa. Likitajwa lenyewe, ananyonya. Na anayetaja hawezi kuwa mama wala baba wa mtoto. Kwenye ukoo wetu anayetaja ni mimi, hakuna mwingine anayejua zaidi ya babu wa babu yake. Nikavaa ile kanga mpya.

Nilifika kabla ya mchana. Nyumba yao ina marumaru na feni. Generoza alikuwa uani anafua nguo za mtoto, akanyanyuka akanipokea mzigo.

"Pole na safari, Mama Enock."

"Nimeshapoa. Mtoto unamwimbia?"

"Namshika tu."

"Ndiyo maana analia!"

Sostenes akatokea na tabasamu lake. "Shikamoo, bibi! Leo dhahabu itapatikana, karasha kubwa limefika."

"Marahaba. Nyamaza, kaniitie wazee wako kwenye simu."

Tukaketi sebuleni. Nelly kwenye kochi na mtoto, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Enock chini ya dirisha. Sostenes akaweka simu mezani kwa sauti kubwa, na baba yake kutoka Ushirombo akataja majina ya kwao kwanza, ndivyo heshima ilivyo. Mtoto alilia kwa yote. Mzee akachoka, akasema, "Basi, upande wenu sasa," akakata.

Nikajiweka sawa. Nikaanza na wa kale. Kila jina nililisema taratibu, na mwenye jina ni nani, na alifanya nini, ili mtoto asikosee. Yule aliyechimba kisima kwa mikono. Yule aliyekataa kulima pamba ya wakoloni. Yule wa mbio, aliyemshinda hata mbwa. Nelly anampa ziwa, mtoto anapiga kelele. Nikaingia kwa mama zangu, shangazi zangu, mama mkwe. Kelele. Nikataja hata yule mjomba aliyefungwa kwa ng'ombe wa watu.

"Huyo wa nini, mama?" Enock akaruka.

"Majina hayachagui. Na yeye alikuwa mtu."

Afadhali mtoto alilia kwa huyo.

Basi Enock akasema, wala sikumtuma, Mungu shahidi, "Mama, taja la kwako."

Nikatazama dirishani kidogo nisionekane nina haraka. Halafu nikainama karibu na sikio la mtoto. Nikasema, "Scolastika. Scolastika, Mdomo wa Asali, manju wa Kishapu, aliyeita watu wote kwa majina yao."

Mtoto akanyamaza.

Akanyamaza kabisa! Akafungua macho, akanitazama, mdomo wazi. Nelly akamsogeza kwenye ziwa. Sostenes akaanza kuinua mkono ashangilie.

Mtoto akavuta pumzi. Kumbe alikuwa anajaza kifua. Kilio kilichotoka hapo hakikuwa kimesikika siku ile nzima. Sostenes akaushusha mkono wake polepole, akajikuna nao.

"Labda amekosea," Enock akasema.

"Mtoto hakosei," nikasema.

"Yamekwisha, bibi?" Sostenes akauliza.

Nilikuwa nataka kusema yamekwisha. Nikamtazama Nelly, naye ananitazama mimi, hasemi, kwa sababu mama haruhusiwi, ila macho yake yalikuwa yanakwenda mlangoni na kurudi kwangu, yanakwenda na kurudi. Nikageuka. Generoza alikuwa amesimama pale mlangoni na nguo kavu mkononi. Sijui tangu saa ngapi. Tumetaja wafu mpaka wezi, tumewapigia watu simu Ushirombo, na mtu anayemshika mtoto huyo usiku na mchana hakuna aliyemkumbuka. Enock hakumkumbuka. Na mimi sikumkumbuka.

Nawaambieni nilichofikiri. Nilifikiri: nikinyamaza, nani atajua? Mtoto atanyonya siku moja, wenyewe watarudi kwenye la kwangu, si ndilo lililomnyamazisha hata kidogo? Lakini Nelly alikuwa anajua. Na siku moja angesema, labda wakati mimi niko kaburini, kwamba bibi Scolastika, mwenye kukumbuka majina yote, alisahau moja la ua wake mwenyewe. Hilo sikuweza. Wivu wangu ni mkubwa, lakini kumbukumbu yangu haijawahi kuaibishwa na mtu.

"Limebaki moja," nikasema. Nikalisema bila pambo, maana pambo halikuwepo: "Generoza."

Nelly akampa ziwa haraka. Mtoto akalia vile vile.

Nawaapia, nilishusha pumzi.

Ndipo Generoza akaingia, akasema kwa ile sauti yake isiyo na rangi, "Kama mmemaliza, nipeni nimbadilishe. Amelowa muda mrefu."

Akamchukua, akamlaza kwenye mkeka wangu niliousuka, akamfungua. Mtoto alikuwa amelowa mpaka mgongoni. Tangu wazee wa Ushirombo tulikuwa tunamtajia mababu juu ya nguo mbichi! Akamkausha, akamfunga, akamshika kidogo begani bila kumwambia lolote, akamrudishia mama yake. Mtoto akalishika ziwa akanyonya kama aliyetoka jangwani.

Sostenes akapiga kelele za wachimbaji walioona dhahabu shimoni, "Limetema! Duara limetema! Generoza!" Enock akasimama, akapiga makofi.

"Ngojeni!" nikasema. "Ngojeni hapo. Amenyonya kwa sababu ya nguo kavu. Hata mjomba mwizi tungemtaja baada ya nguo kavu angenyonya!"

"Bibi, jina limetajwa na mtoto amenyonya," Nelly akasema.

"Katikati hapo kuna nepi!"

"Mama Enock anasema kweli," Generoza akasema. "Alikuwa amelowa tu. Mpeni la kwake."

Mmesikia? Ananisaidia! Hakuna kitu kilichoniuma siku ile kama hicho. Mimi nimepigania jina langu mpaka jasho, yeye analitoa la kwake kama anayempisha mtu mlangoni.

Sostenes akajaribu kunituliza. "Bibi, usione hivi. Sisi kule tunasaga magwangala, mawe yaliyotupwa na mgodi mkubwa. Ukiyaangalia hayana kitu. Nyumba hii imetoka humo humo."

"Usiniletee habari za mawe," nikamwambia. "Huyu nimekaa naye tangu wewe hujazaliwa. Kungekuwa na dhahabu ndani ningeshaiona."

Generoza akacheka. Anacheka kwa nadra sana, na hata kicheko chenyewe ni cha kawaida.

Nikamgeukia Nelly. "Niambie ukweli. Ungelitaka la kwangu?"

Akamtazama mtoto kwanza. "Bibi, usikasirike. Jina lako limejaa. Kila mtu anajua Scolastika ni nani, anatembeaje, anaimbaje. Mtoto angeingia humo akaishi kama mpangaji, kila siku anaambiwa Scolastika hakuwa hivyo. La bibi mdogo lina nafasi. Atatia vyake."

"Kwa hiyo unampa mtoto nyumba tupu."

"Siyo tupu, bibi. Mimi nililala humo."

Nikaifunga upya kanga yangu mpya, wala haikuwa imelegea.

Na kazi ilikuwa bado. Kwetu aliyelitaja jina lililokubaliwa ndiye anayemwambia mtoto habari za mwenye jina, siku hiyo hiyo, mbele ya watu, mtoto akiwa mikononi mwake. Enock akaniwekea kiti katikati. Nikapewa mtoto, ameshiba, amelegea. Na mwenye jina ameketi mbele yangu, mikono magotini, anangoja.

Nikakumbuka ule wimbo ulionifia shambani. Nikaona nisijaribu kuimba. Nikamwambia mtoto: jina lako ni la Generoza. Alitoka Ushirombo mwaka wa kuhama. Si mrefu, si mfupi. Mboga yake ni chapwa. Ng'ombe wake hana rangi ya kutajwa. Kwenye kwaya humsikii. Babu yako Makoye alikunywa uji wake mpaka mwisho, na kwangu aliukataa. Mama yako alilala kwake, na kwangu alikuwa anakuja kula tu. Hajawahi kuniomba kitu. Hajawahi kunijibu nilipomtukana, na nilimtukana vizuri. Nikaendelea. Nilidhani nitamaliza mara moja, maana mtu mwenyewe hana la kusemwa, kumbe linatoka hili linavuta lile, ya mwaka wa njaa, ya msiba wa Clemens, mpaka Sostenes akaenda akarudi karashani na mimi bado nasema. Babu aliyechimba kisima sikumsemea hata robo ya hapo.

Nilipomaliza, Generoza akasema, "Umesahau moja."

Watu wakanigeukia. Mimi, kuambiwa nimesahau!

"Naogopa radi," akasema. "Tangu utotoni. Ikipiga naingia chini ya kitanda."

"Wewe? Chini ya kitanda?" Ua mmoja, mvua zote hizo, na mimi sikujua. "Nani anajua hilo?"

"Mimi," Nelly akasema. "Nilikuwa namshika mkono. Ndiyo maana nilikuwa nalala kule."

Basi mtoto anaitwa Generoza, na cheti cha kuzaliwa kimeshatoka, na mimi nilirudi Kishapu na kanga yangu mpya. Mkeka nimewaachia. Generoza mkubwa alirudi baadaye, mtoto alipoanza kukaa. Tukaanza tena, jiko kwa jiko. Mawingu yakijikusanya upande wa Songwa siku hizi nachukua kigoda changu navuka ua. Sisemi nimefuata nini, na yeye haulizi.

Mwezi uliopita Nelly alipiga simu. Ana mimba ya pili. Nikamwuliza kuhusu jina, akacheka, akasema, "Tutaona, bibi."

Tangu siku hiyo najitahidi kulipunguza jina langu, lipate nafasi. Mnadani vijana wakiniamkia kwa lile jina langu naitikia marahaba kwa sauti ndogo na kupita pembeni. Kanga yenye maneno makali nimeiweka sandukuni. Nyimbo nimeziacha. Mboga nimeanza kuipunguzia chumvi, naila mwenyewe, ni mbaya sana. Jana nilikaa jikoni kwa Generoza tangu alipoanza kuchambua nsansa mpaka alipoiweka motoni, na sikutoa neno hata moja.

Mwishoni akaweka ungo chini, akanitazama kwa makini.

"Mama Enock," akasema, "unaumwa?"